Squid Game sizoni ya pili: wachambuzi waliionea au kweli ilipwaya?

Kidampa wa Mbagala:

Wakuu kwema? Naleta huu uzi kwa amani kabisa, naomba tujadili bila matusi maana nawajua watu wa sizoni mna hasira kuliko hata watu wa Simba na Yanga.

Nimemaliza Squid Game ya pili wiki hii, ile tamthilia ya Korea ya Netflix ambayo watu wenye madeni wanacheza michezo ya kitoto kisiwani, ukishindwa unauawa, anayebaki anachukua hela. Najua nimechelewa, kitu kimetoka tarehe 26 Desemba 2024 na watu washahamia kwingine, ila mimi bando langu ni la WhatsApp tu, muvi nasubiri dogo wa laibrari anirushie kwenye flashi. Sasa dogo wakati ananirushia akaniambia bro chukua ila usitegemee kitu, hata wachambuzi wa huko mbele waliikandia. Nikaondoka nayo kwa shingo upande, nikaanza usiku nikisema naonja moja tu nilale, kumekucha niko episodi ya saba na kazini natakiwa.

Ndo nikaingia mtandaoni kutafuta hao wachambuzi walikuwa wanalia na nini. Naona kilio kikubwa ni kwamba inachelewa kuanza, yaani episodi mbili nzima Gi-hun, yule mshindi wa sizoni ya kwanza, anahangaika mjini kumtafuta yule jamaa wa suti anayekusanya wachezaji kabla hajarudi kisiwani, afu yule polisi na mamluki wake wanazunguka na boti mwanzo mpaka mwisho kisiwa hawakioni, afu eti mwisho hauna mwisho. La boti nakubali, hapo hata mimi nilikuwa naenda kubandika maji ya chai. Lakini hilo la kuchelewa sijalielewa kabisa, episodi ya kwanza ile ina kipande jamaa wa suti anawapitia watu wasio na makazi kwenye bustani, mkono mmoja mkate mkono mwingine tiketi ya bahati nasibu, chagua kimoja, na wengi wenye njaa wanachukua tiketi. Afu mikate iliyobaki anaikanyaga mbele yao. Hicho kipande peke yake kwangu ni muvi nzima.

Na kura! Hakuna aliyeandika kuhusu kura vya kutosha. Sizoni ya kwanza walipiga kura mara moja tu, hii wanapiga kila mchezo ukiisha, duara la bluu tuendelee, X nyekundu twende nyumbani, na wakiamua kuondoka hela iliyopatikana mpaka hapo wanagawana. Mchezo wa kwanza wamekufa 91, wamebaki 365, kila mtu anaondoka na won milioni 24 na ushee mzima wa afya. Wakapiga kura, 183 tuendelee, 182 tuondoke. Kura moja! Na hiyo ya mwisho kaipiga nani, mwenye mchezo mwenyewe kavaa jezi namba 001. Mimi nikawaangalia wale watu nikawaona washkaji zangu wanaobeti, mkeka umechanika timu moja tu anasema wa leo ndo wa mwisho namaliza madeni yote. Ukishawahi kuchukua kausha damu unaelewa kwa nini milioni 24 haitoshi, kwa sababu anayekudai anataka mia.

Kwahiyo swali langu, waliionea au mimi ndo nina njaa ya muvi? Na mbona sizoni ya pili ndo huwa inachinjwa kila siku?

Babu wa Sizoni:

Mleta mada umeandika vizuri ila unatetea kitu ambacho hakijakamilika. Hiyo uliyoangalia sio sizoni, ni nusu ya sizoni. Na hapo ndipo wachambuzi walipokasirikia, sio kwenye mkate wala kwenye kura, hivyo vyote wengi walivisifia tu ukisoma mpaka chini.

Nikupe kisa chenyewe. Director Hwang Dong-hyuk baada ya ile ya kwanza ya 2021 aliandika mwendelezo kama hadithi moja, ikafika episodi nyingi, ndo ikaamuliwa ikatwe vipande viwili. Vikarekodiwa kwa pamoja. Kipande cha kwanza episodi saba kikaitwa sizoni ya pili, kipande cha pili episodi sita kikaitwa sizoni ya tatu kikatoka tarehe 27 Juni 2025. Sasa wewe hesabu mwenyewe, ya kwanza ilikuwa na episodi tisa na michezo sita imeanza imeisha, unajua nani kashinda nani kafa na mzee alikuwa nani. Hii ya pili michezo mitatu tu! Ile ya mwanasesere, ukisogea anakuangalia unapigwa risasi, ile ya kufungwa miguu watano watano, na ile ya kuzunguka kwenye jukwaa mnakimbilia vyumba. Basi. Wakashika bunduki wakaanza maasi, wamezidiwa, rafiki yake Gi-hun kapigwa risasi mbele ya macho yake, giza, majina yanapanda. Miezi sita usubiri.

Mimi nipo upande wa wachambuzi kwa hili. Mtu anachambua alichouziwa. Huwezi kumwambia mchambuzi subiri Juni ndo utaelewa, kwani yeye kaletewa kazi inaitwa sizoni yenye kuanza na kuisha, akisema haina mwisho kakosea nini? Na sio Squid Game peke yake, mwaka huohuo 2024 House of the Dragon, ile tamthilia ya majoka, nayo sizoni ya pili ilifanya mchezo huo, kutoka episodi kumi za mwanzo wakashuka nane, episodi ya mwisho majeshi yanatembea, meli zinatembea, majoka yanajipanga, wewe unakaa vizuri kwenye kochi vita ianze, imeisha. Kelele zilikuwa hizohizo.

Na kuhusu Hwang mwenyewe, hakuficha kitu. Aliwaambia BBC kwamba ya kwanza ilipasua dunia nzima ila mfukoni hakupata cha maana, na kurudi kwake pesa ilichangia. Alisema hadi meno yalimtoka manane au tisa kwa stress wakati anarekodi ile ya kwanza. Mimi simlaumu, mtu kutafuta hela sio dhambi. Ila ukijua hivyo unaelewa kwa nini baadhi ya wachambuzi waliona ni stori ya kukemea tamaa ya hela iliyovutwa kwa sababu ya hela. Kidogo inachekesha.

Chizi Freshi:

Director meno yamemtoka, steringi kaenda kuwekewa kifaa cha kufuatiliwa ndani ya jino nalo wakaling'oa 😂😂 hii sizoni ilikuwa ni ya dentisti tu.

Fundi Hesabu:

Naomba niingilie kwenye hili la "waliikandia" maana naona wote mnaongea kama vile ilipata sifuri.

Watu wanasoma zile asilimia vibaya. Ile ya Rotten Tomatoes sio maksi. Wanachukua wachambuzi wote, kila mmoja wanamhesabu kapenda au hajapenda, basi. Aliyesema "sio mbaya, inaangalika" na aliyesema "sijawahi kuona kitu kama hiki" wote ni kura moja moja sawasawa. Kwahiyo ya kwanza ilikuwa asilimia 95 na ya pili 80 na kitu, maana yake katika kila wachambuzi kumi, nane bado walisema angalia. Hiyo ndo kukandiwa? Wale Metacritic ndo wanatoa wastani wa maksi zenyewe, na huko ya kwanza yenyewe ambayo kila mtu anaiabudu ilikuwa chini ya 70, ya pili imeteremka kama pointi saba hivi. Yaani kwenye maksi halisi tofauti ni ndogo kuliko kelele. Waliokasirika zaidi ni watazamaji wa kawaida, hao ndo waliiangusha kwenye kura zao, na nadhani dogo wa laibrari alichanganya makundi hayo mawili.

Na upande mwingine usidanganywe na namba za Netflix pia. Walitangaza siku nne za mwanzo imepata vyuu (views) milioni 68, rekodi kwao. Watu wakasema ona, dunia imeipenda. Wao vyuu wanachukua masaa yote yaliyoangaliwa wanagawanya kwa urefu wa sizoni nzima. Kwahiyo mtu aliyeangalia akachukia mpaka mwisho anahesabika sawa na wewe uliyekesha. Namba ile inasema watu walikuwa na hamu, na hamu ile ilijengwa na sizoni ya kwanza, haisemi chochote kuhusu ya pili. Hata wale wa tuzo za Golden Globe waliiteua kwenye tamthilia bora kabla hata haijatoka hewani! Ilipofika Januari ikapigwa na tamthilia nyingine, Shōgun.

Kipimo ninachokiamini mimi ni tuzo baada ya vumbi kutulia. Ya kwanza ilichukua Emmy sita, zile tuzo kubwa za TV Marekani, mwaka 2022, Lee Jung-jae muigizaji bora, Hwang director bora. Ya pili haijafika huko, hata karibu.

Jibu langu kwa mleta mada: hawakuionea, na wala hawakuiponda kama unavyodhani. Waliipa B, watu wakasoma F.

Mama Nasra Tandale:

Jamani wadogo zangu mimi hayo mahesabu siyajui lakini mimi nimeiangalia na nina la kusema.

Kwanza nashangaa hakuna aliyemtaja yule mama. Bi Geum-ja. Mama mtu mzima kaingia mule kutafuta hela ya kulipa madeni ya mtoto wake wa kiume, afu anainua macho anamuona mtoto mwenyewe naye yumo kavaa jezi! Hakumwambia mama, mama hakumwambia yeye, wote wameficha. Mimi hapo nilisimamisha nikaenda kukaa nje. Nina kaka yangu namjua mimi, sisemi zaidi. Na ile michezo ya watano watano, kuna sehemu ya kurusha kijiwe na kudaka vingine, ni mdako kabisa ule tuliocheza sisi utotoni, na kuna na ile pia ya kuzungusha kwa kamba, nikasema kumbe watoto wa Korea na wa Tandale tumecheza vitu vilevile. Yule mama ndo alicheza ule mdako na alikuwa fundi. Mtu anasema sizoni imepwaya kwa macho gani?

Na ile ya vyumba. Namba inatajwa, tatu, mnakumbatiana watatu mnakimbia, wa nne anabaki mlangoni anagonga. Mle ndani unaona nani ni mtu na nani sio mtu kwa sekunde kumi. Yule mama na mwanae kilichotokea pale sitasema kwa ambao hawajaona, ila mwanaume yule nilimlaani.

Afu la kuchelewa na la boti mnalolilalamikia, mimi sikuliona! Kwa sababu mimi niliangalia iliyotafsiriwa. DJ wetu alipofika kwenye mambo ya boti akasema "hapa polisi wanazunguka zunguka tu baharini hawana jipya, twende kisiwani kwenye kazi", akaruka. Kila wakirudi boti, anaruka. Mpaka nikasahau kama kulikuwa na polisi. Na zile episodi za mwanzo za mjini akazifupisha akatuelezea kwa mdomo. Kwahiyo mimi nimekula mnofu mtupu. Hao wachambuzi wa huko nje wangekuja kuangalia ya kwetu wangeipa mia.

Chizi Freshi:

Mama Nasra DJ wako anastahili Emmy ya uhariri aisee, hakuna cha Netflix.

Babu wa Sizoni:

Dada yangu Mama Nasra heshima kwako, kuhusu Geum-ja sibishi, hata wachambuzi wa nje yule mama walimsifia na Lee Byung-hun pia, yule namba 001, jamaa anaigiza mtu anayeigiza, anacheka na Gi-hun kumbe ndo bosi wa maadui. Lakini hilo la DJ mimi na wewe tutagombana. DJ akikata anakata hukumu yake yeye. Ukisema sizoni nzuri, unasifia ya Hwang au ya DJ?

Mama Nasra Tandale:

Nasifia niliyoiona baba.

Kuli Mstaafu:

Naomba nijibu lile swali la pili la mleta mada maana wote mmelikimbia, kwa nini sizoni ya pili ndo huchinjwa.

Mimi kazi yangu ya siku zote ni bandarini, kwahiyo mfano wangu ni wa bandarini. Kuna The Wire, tamthilia ya Kimarekani ya HBO. Ya kwanza ni polisi na wauza unga mitaani Baltimore, watu wakaizoea, wakawapenda wale madogo wa kona. Mwaka 2003 ikaja ya pili, mara kamera imehamia gatini kwa makuli, wazungu wa Kipolandi wanashusha mizigo, kazi zinaisha, meli hazikuji, kiongozi wao wa chama, Sobotka, anapitisha makontena ya magendo ili apate hela ya kuhonga wanasiasa gati lisife. Kontena moja linafunguliwa wamo wasichana wamekufa. Watazamaji wakalalamika, tumeletewa nini hiki, warudisheni watu wetu. Leo hii ukikaa na watu waliomaliza zote tano, wengi watakwambia ya pili ndo inayobeba zile zingine. Haijaongezwa hata dakika moja tangu 2003. Waliobadilika ni waangaliaji, walipomaliza yote wakaona kumbe jamaa alikuwa anaonyesha mji mzima kidogo kidogo. Mimi binafsi sijawahi kuona muvi inayomuonyesha kuli kama mtu mwenye akili zake na madeni yake kama ile, na nimeangalia nyingi.

Sasa Squid Game iliwapa watu kinyume chake, iliwarudisha kulekule, mwanasesere yuleyule, jezi zilezile, na bado wakalalamika, eti inajirudia. Ukihama unapigwa, ukirudi unapigwa. Hiyo ya pili haina namna ya kushinda kwa sababu mtu hajaja kuiangalia, kaja kutafuta alichosikia mara ya kwanza, na mara ya kwanza haiji mara mbili.

Ila namuunga mkono Babu kwa jambo moja, The Wire ile ilikuwa na mwisho. Sobotka alifika mwisho wake mlemle ndani. Hawakumuacha amenyoosha mkono mpaka mwaka unaofuata.

Fundi Hesabu:

Hapo kwenye kulalamika kuna kitu umegusa. Korea kwenyewe kelele nyingine ilikuwa kwa yule rapa mwenye nywele za zambarau, Thanos. Anaigizwa na T.O.P aliyekuwa kundi la muziki la Big Bang, alihukumiwa kifungo cha nje 2017 kwa bangi, afu kapewa rapa mla vidonge. Wengine walisema kazidisha, wengine walisema hakutakiwa kurudi kabisa. Huku kwetu nasikia watu wanampenda yeye kuliko Gi-hun.

Binti Sinza:

Mimi ni wa tamthilia za kwetu, nawasoma tu huku nacheka. Nyie mna bahati hata hao wa kuwakandia mnao. Huku Huba imeenda miaka na miaka pale Maisha Magic Bongo, sizoni ngapi hata mwigizaji nadhani kapoteza hesabu, ila umewahi kusoma uchambuzi wa sizoni ya pili ya tamthilia yoyote ya Kibongo? Mtu kakaa chini kaandika kwamba hapa mwandishi kazingua, hapa mwanga mbovu, huyu dada kaigiza vizuri ila kapewa maneno mepesi? Hakuna. Kuna koment za Instagram, "jamani mbona mmemuua fulani", na kuna saluni. Saluni ndo wachambuzi wetu, na ni wakali kuliko hao wa Rotten Tomatoes wote, ila hawaandiki. Kwahiyo dairekta anajuaje amekosea wapi? Anahesabu koment tu. Mimi ningetamani mtu wa huku apewe hata B.

Kidampa wa Mbagala:

Nimewasoma wote wakuu. Fundi Hesabu umenifungua kuhusu zile asilimia, nilikuwa nadhani ni maksi za darasani kabisa. Babu bado sikubali, mimi ile nusu nimeila na nimeshiba, ila nakiri nilikuwa na bahati kwamba ya tatu ishatoka, dogo wa laibrari anayo, sikusubiri miezi sita kama nyie. Ningekuwa nimeiona ule usiku wa Desemba pengine na mimi ningerusha rimoti.

Kesho naenda kuchukua ya tatu. ATAKAYEANDIKA KINACHOTOKEA HAPA NALIA NA YEYE. Mama Nasra na wewe nenda kaichukue tuje tuendelee huu uzi.

Mama Nasra Tandale:

Nimeshamtuma Nasra kwa DJ tangu mchana, anasema ipo na kaitafsiri yote.

Babu wa Sizoni:

Sasa hapo ndo utaona nilichokuwa nasema. Kidampa wewe ulikuwa unabandika chai ila sikio lilikuwepo, kile alichokifanya kapteni wa boti mwishoni mwa ya pili ulikiona. Mama Nasra je?

Mama Nasra Tandale:

Kapteni gani?